Damu ya Wageni

Juzi asubuhi nilijikuta jikoni nikichemsha majani ya mwarobaini, na wala sikuwa na homa. Nilikuwa nimeyachuma nyuma ya nyumba bila kufikiri, nikayatupia kwenye sufuria, nikasimama hapo na kijiko mkononi kama mtu aliyetumwa. Mvuke uliponipanda puani ndipo nilipozindukana. Ile harufu chungu, inayokwama kooni kabla hujaonja kitu, sikuwa nimeisikia tangu utotoni, tangu siku za Koko. Nikazima moto nikaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Nyinyi wa umri wangu mnajua mambo haya. Unajidhania una akili zako, kumbe mikono imeshaanza kufanya mambo ya bibi yako.

Koko ni bibi kwa lugha ya Ngazija. Ndivyo nilivyomwita mama yake mama, na baadaye mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Tulikuja Mombasa kutoka Moroni, kule Ngazija, tukiwa watatu, mimi na mama na Koko, baada ya baba kufariki. Binamu yake mama alikuwa na duka la madera Makadara, akamwita mama aje amsaidie kuuza. Tukapanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya zamani huku Mji wa Kale, kwenye kichochoro chembamba ambacho ukinyoosha mkono dirishani unamwazima jirani kiberiti.

Koko alikuja na sanduku moja tu. Nusu yake ilijaa vikombe vya wageni, vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu, kila kimoja kimeviringishwa ndani ya leso kama mtoto mchanga. Sisi wenyewe hatukuvinywea kamwe. Sisi tulinywea vya bati. Nusu nyingine ilikuwa nyuzi na sindano zake za kushonea kofia, na vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari. Alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitobo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, na kofia moja ilimchukua muda mrefu mpaka mwenyewe mwenye kichwa anasahau kwamba aliagiza. Aliketi dirishani kwenye mwanga tangu asubuhi hadi alasiri. Mama akimwambia apumzishe macho, alimjibu, "Haya macho ndiyo mume niliyebakiwa naye. Niache naye."

Sasa lazima niwaeleze jambo moja la uwanja wa ndege, bila hilo hamtanielewa. Tulipofika, kabla ya kufikia meza ya paspoti, tulisimamishwa na bwana mmoja aliyevaa koti jeupe. Alitazama kadi zetu za chanjo, akamwelekezea Koko kidude kipajini, akasoma namba, akaashiria kwa kichwa tupite. Mbele kidogo mwenzake akagonga muhuri. Nyuma yetu kulikuwa na familia moja iliyotolewa kwenye foleni ikaambiwa ingoje pembeni, na mtoto wao, mkubwa kama mimi, alikuwa akilia. Nikamuuliza mama kwa nini wale hawapiti. Mama, aliyechoka na safari na msiba, akanijibu, "Wanapimwa kwanza. Wakionekana wazima watapita." Nikalishika neno hilo nikaliweka. Nchi hii, nikajiambia, kwanza inakupima, halafu inakugongea muhuri.

Mtaa wenyewe ulitupokea vizuri, nisije nikaudhulumu. Hatujamaliza hata kufungua sanduku, Bi Rukiya wa nyumba ya mbele alikuwa ameshafika chini ya ngazi na sahani iliyofunikwa kwa kawa.

"Hodi wenyewe! Ndoo hapa, mwanangu, shika hii umpelekee bibi yako. Mwambie ni ya kuliwa, si ya kutazamwa."

Zilikuwa kaimati, bado zina moto, zinang'aa kwa shira. Koko alizitazama kwa muda kidogo. Halafu akala tatu, akafumba macho, akasema nchi yenye jirani kama huyu inakalika. Sahani haikurudi tupu, hilo sikufundishwa Mombasa, hata kwetu Ngazija ni hivyo hivyo. Kesho yake Koko aliamka na alfajiri akakanda mikate yetu ya futra, yenye ufuta juu, akaipaka asali, nikaivusha kichochoro. Bi Rukiya akajibu kwa mkate wa sinia. Koko akajibu kwa visheti. Ikawa hivyo wiki kwa wiki, mimi ndiye mchukuzi, na kila nikivuka na sahani nilijiona mtu mwenye cheo.

Siku moja vidonge vya Moroni vilifika mwisho. Koko alichukua kasha tupu na karatasi yake ya zamani, iliyoandikwa Kifaransa, tukaenda naye duka la dawa. Kijana wa dukani aliigeuza karatasi huku na huku kama ramani, akamwambia kwa adabu kwamba dawa hizi hapa zina jina jingine, na hawezi kumpa mpaka aandikiwe na daktari wa hapa.

"Hapo pameandikwa na daktari," Koko akasema. "Au daktari wa kwetu si daktari?"

"Ni daktari, bibi. Lakini hapa hakuna daktari anayekujua."

Hilo ndilo lililomchoma. Daktari wake wa Moroni alikuwa mzee aliyemzalisha watoto wake, aliyekuwa akimwandikia dawa huku anauliza habari za mashamba na nani ameoa na nani ameachwa. Hakuhitaji kumwangalia. Alimjua.

Kliniki ilikuwa Makadara, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ndani tulimkuta dada mmoja mwembamba, nywele zimesukwa mabutu, amevaa koti jeupe. Mimi koti nililiona kabla ya kumwona yeye, nikamkumbuka yule bwana wa uwanja wa ndege.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Naitwa Daktari Mghoi."

Koko aliketi polepole, kama mtu asiyeamini kiti. Akaitandaza karatasi yake mezani. "Mimi nimekuja kuandikiwa, mwanangu. Sikuja kupimwa. Ninakilie tu hivyo vilivyomo humo niende zangu."

Daktari Mghoi aliisoma karatasi taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili. "Siwezi kukuandikia dawa hizi bila kukupima, mama. Karatasi inaniambia ulivyokuwa. Mimi nataka kujua ulivyo."

Koko akaikunja karatasi. "Basi leo sikujitayarisha. Nitakuja wiki ijayo."

Daktari alidhani anaogopa sindano ya kidole. Alimpa vidonge vichache vya kumvusha, akatuaga. Lakini mimi nilikuwa nimesikia kila neno. Tunapimwa tena, na Koko hajajitayarisha. Nilishuka zile ngazi nimemshika mkono, na nilimkaza mpaka akaniuliza kama nimeona jini.

Matayarisho yake nayakumbuka kuliko Idi yoyote ya utotoni. Kwanza wali ulikoma. Halafu sahani ya Bi Rukiya iliyokuja wiki ile tuliachiwa mimi na mama, na Koko akatafuna matango. Asubuhi na jioni alichemsha mwarobaini, akaunywa bila kukunja uso, halafu akaukunja uso kwa muda mrefu baadaye. Nilimuuliza ni wa nini. "Nasafisha damu, mwana wahangu," akaniambia. "Mtu haendi kwa watu na damu chafu." Siku yenyewe ilipofika hakutia kitu tumboni. Alijifukiza udi, akavaa buibui lake jipya, akajitia wanja. Mtu angedhani tunaenda kuposa.

Daktari alimdunga kidole, akaweka tone kwenye kijimashine, tukangoja. Namba ikatoka. Mimi sikujua namba ya maana gani, nilitazama uso wa daktari tu, na uso ukakunjuka.

"Mama, hii ni nzuri sana! Mbona walikuwa wanakupa dawa nyingi hivyo? Wakati mwingine dawa ikizidi nayo ina madhara. Nitakuandikia nusu, tuone."

Akaandika. Halafu akafungua droo, akatoa muhuri, akapuliza, akagonga. Nilitaka kuruka. Ni muhuri ule ule! Kwa akili yangu ya wakati ule mambo yote yalikaa sawa: koti, kidude, namba, muhuri. Jambo moja tu lilinishangaza, kwamba shuleni alama kubwa ndiyo nzuri, na hapa daktari alisema wazi kwamba kadiri namba inavyoshuka ndivyo anavyofurahi. Nikahesabu kuwa ni desturi ya Mombasa. Jioni mama aliporudi kutoka dukani nilimpokea ngazini nikamwambia, "Tumepita!" Akasema alhamdulillahi, akavua viatu akalala kwenye kiti.

Koko siku ile hakuwa na furaha niliyoitegemea. Aliketi na nusu yake ya vidonge mapajani, anavitazama. Alikuwa amekwenda kutafuta dawa zake, akarudi amesifiwa. Lakini kusifiwa nako kuna utamu wake, hasa kwa mtu ambaye tangu ahame hakuna aliyemwambia kwamba jambo lake lolote ni zuri sana. Jioni Bi Rukiya alileta vibibi vya nazi, na Koko akala kama mtu aliyetoka safari.

Mwezi ule macho yake yakaanza kumsaliti. Mwanzo aliniita nimtungie uzi kwenye sindano, nikaona fahari. Halafu akaanza kunitaka kila mara. Halafu vitobo vikaanza kupishana, safu inaanza vizuri upande wa kulia, ikifika kushoto imeshapanda mlima. Alikuwa anakunywa maji bila kukoma, na alipotembea alipapasa ukuta. Siku moja bwana aliyeagiza kofia alirudi nayo. Alikuwa muungwana, hakusema imeharibika. Alisema, "Koko, naona hii imekwenda upande kidogo." Koko aliipokea kwa mikono miwili, akamwomba radhi, akaketi dirishani akaanza kuifumua, uzi kwa uzi, hadi mwanga ukaisha. Nilikaa miguuni pake nikiviringisha zile nyuzi. Sijapata kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia yeye siku ile, na nilikuwa sijui hata ninachomhurumia.

"Mwambie daktari habari ya macho," mama alimsihi. "Mama, tafadhali. Mwambie na hizo kaimati."

"Nitamwambia," Koko akajibu. "Nikishamzoea."

Siku ya kurudi kliniki ilipokaribia, matango yakarudi mezani na mwarobaini jikoni. Safari hii alijikaza zaidi, nadhani kwa sababu alijua mwenyewe jinsi mwezi ulivyokwenda. Mama alikuwa amekwenda dukani mapema. Asubuhi nilimwona Koko anameza vidonge vya asubuhi na vya jioni kwa pamoja, akavisukuma kwa kikombe kizima cha ile dawa chungu, na tumboni hakuna hata kipande cha mkate. Tukatoka.

Kliniki ilikuwa imejaa na feni haikufanya kazi. Tulikaa kwenye benchi, Koko na udi wake na wanja wake, mgongo umenyooka. Mara nikaona jasho linamtoka juu ya mdomo. Mkono niliokuwa nimeushika ukaanza kutetemeka. Nikamuuliza kama anasikia baridi. Akanigeukia akaniita kwa jina la dadake, ambaye mimi sikuwahi kumwona kwa kuwa alikufa kabla sijazaliwa, akaniuliza kama nimewafungia mbuzi. Nilipatwa na hofu, lakini hofu yangu ilikuwa ya kipumbavu: niliogopa ataingia kupimwa akiwa anazungumza ovyo, na tutakosa kupita. Nikamnong'oneza, "Koko, nyamaza, tunakaribia."

Mama mmoja aliyeketi karibu nasi aliona, akagonga mlango bila kungoja zamu. Daktari Mghoi alitoka mwenyewe, wakamshika Koko huku na huku wakamwingiza. Kidole kikadungwa. Tone likawekwa. Mimi nilisimama kwenye ncha za vidole ili nione, na namba ilipotoka nikaiona vizuri kabisa. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, ndogo mno, namba ya mtoto wa chekechea. Nikapiga makofi.

"Amepita! Koko, umepita!"

Daktari hata hakunisikia. Alivuta droo, si ile ya muhuri, akatoa kopo la sukari ya chai yake mwenyewe, akamtia Koko kijiko cha sukari kavu ndani ya shavu, huku anamwita msaidizi wake, "Soda! Kimbia chini, soda yenye sukari, haraka!" Nikaona mambo yamegeuka. Daktari wa sukari anamlisha Koko sukari! Nikajua anamharibia. Kazi yote ile, matango yote yale, na huyu anaimwagia damu safi sukari ili apate sababu ya kuturudisha. Nikamshika koti nikalia kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka kwenye magodoro.

"Usimpe! Amejitayarisha! Hajala kitu tangu jana, amekunywa mwarobaini kila siku, amemeza dawa zote za asubuhi na za jioni! Usimpe, mgongee muhuri tu! Usiturudishe!"

Mkono wa daktari ulisimama kidogo, halafu ukaendelea na kijiko. Soda ikaletwa, akamnywesha taratibu. Alipoona macho ya Koko yameanza kutulia mahali pamoja, ndipo alipochuchumaa mbele yangu.

"Niwarudishe wapi, mwanangu?"

"Moroni."

"Na nani kakwambia mimi nawarudisha watu?"

Nikamwambia yote. Bwana wa uwanja wa ndege, kidude cha kipajini, wale waliowekwa pembeni, mtoto wao. Nikamwambia najua namba ndogo ndiyo nzuri, mwenyewe alisema. Nikamwambia Koko si mchafu, ila tunaletewa kaimati, na sahani ya jirani haikataliwi. Msaidizi alianza kucheka, daktari akamtazama, akaacha.

Koko alikuwa ameegemea kiti, shira ya soda kidevuni, wanja umemteremka mashavuni. Alikuwa amesikia. "Mwana wahangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "siku zote hizi wewe ulikuwa unadhani damu yangu ndiyo itakayotufukuza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Koko akaficha uso kwa pindo la buibui. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba alisimamia sufuria mpaka mwisho. Daktari alifunga mlango, akavuta kiti chake akakileta upande wetu wa meza.

"Mama, na wewe je? Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Koko akajibu humo humo ndani ya pindo. "Sikuogopa. Nilipofika hapa hakuna aliyenijua. Kwetu mimi ni mtu, nina ukoo wangu, nina jina. Hapa nikaja kwako mtoto mdogo, unaniambia unataka kujua nilivyo. Nikaona basi, bora unijue nikiwa mzuri."

Daktari Mghoi alilifunika kopo la sukari. Halafu akasema, "Mama yangu kule Taita ana vyombo kabatini, tangu nizaliwe sijavilia chakula. Vya wageni."

Koko akatoa uso nje ya pindo. "Mimi nina vikombe."

"Najua. Ndivyo ulivyonifanyia. Umeniletea damu ya wageni, mama. Mimi nikaiandikia dawa damu isiyokuwa yako, na wewe ukaenda nyumbani na ile ya kila siku haina dawa ya kutosha. Hayo macho nayaona yanavyonitafuta hapa nilipo. Wiki ijayo nataka uje umekula unachokula. Chai yako, mkate wako. Ikija sahani ya jirani, kula unavyokula siku zote, uje uniambie. Usinisafishie kitu."

Tulirudi nyumbani kwa tuktuk, Koko amenilaza mapajani njia nzima ingawa yeye ndiye mgonjwa. Kesho yake alinistaajabisha. Sahani ya Bi Rukiya ilikuwa juu ya meza yetu, imeoshwa, inangoja kujazwa. Koko akakata matango, akayapanga, akayakamulia ndimu, akafunika kawa. "Leo naipeleka mwenyewe," akasema. Tukavuka kichochoro.

Bi Rukiya alifunua kawa barazani kwake. Akatazama. "Ni matango haya, Koko?"

"Ni matango. Nina sukari, dada. Tangu kwetu. Sikutaka ujue, nikala kila ulicholeta."

Bi Rukiya aliketi barazani kama aliyesukumwa. Nilidhani amekasirika. Kumbe kicheko kilikuwa kinamjia kutoka mbali, kikamtikisa mabega, akacheka mpaka akajipangusa macho yake kwa leso.

"Na mimi je, Koko? Mimi sukari niliyonayo ina miaka! Nala ile mikate yako na asali yake, nikisema moyoni, Rukiya, leo wafa. Lakini ningeirudisha vipi, na wewe mgeni ndiyo kwanza wafika?"

Wakashikana mikono wakacheka wote wawili, wanawake wazima waliokuwa wakiuana kwa heshima. Wakaketi hapo wakala yale matango na chumvi na pilipili. Tangu siku hiyo sahani ziliendelea kuvuka, ila zilivuka na samaki wa kukaanga, mbaazi, mchicha. Mimi mchukuzi, nakiri, cheo changu kilishuka ladha.

Wiki iliyofuata tulikwenda kliniki. Koko alikunywa chai yake na mkate wake, akameza dawa zake kama zilivyoandikwa. Alivaa dera lake la nyumbani chini ya buibui la zamani, na kwenye mkono wake kulikuwa na uzi mweupe umenata ambao hakujali kuutoa. Hakujifukiza. Kidole kikadungwa, na namba ikaja kubwa, kubwa vibaya, hata mimi nilijua. Midomo ikaanza kunicheza. Daktari akaniona.

"Hapa harudishwi mtu kwa damu yake," akaniambia. "Njoo."

Aliandika dawa kamili, safari hii akaongeza nyingine na kuandika Koko akaonwe na daktari wa macho. Halafu akanipa muhuri nishike mwenyewe. Ulikuwa kijiti cha mbao chenye mpira mchafu chini. Nikaukandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zangu zote, na ukatoka umepinda. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hauna uwezo wowote.

Tuliposhuka Koko alisimama katikati ya ngazi, karatasi ameikumbatia kifuani. Ndiyo kwanza ameambiwa damu yake ni mbaya kuliko alivyowahi kuambiwa maishani, na uso wake ulikuwa mkunjufu kama wa bibi harusi.

"Sasa ananijua," akasema.

Macho hayakurudi yote. Daktari wa macho aliokoa ya kutosha, na Koko akashona kofia zenye vitobo vikubwa zaidi, akizisifia kwamba ndizo zinazopitisha hewa. Jioni ya siku ile tuliyotoka kliniki alifungua sanduku akatoa vikombe vya ukingo wa dhahabu, akatutilia chai mimi na mama. Mama akauliza kuna mgeni gani. "Hakuna," Koko akasema, "kunyweni." Tukavinywea kila siku, miaka na miaka, vikavunjika kimoja kimoja, na Koko naye akaja akaondoka, Mungu amrehemu, akimwacha Daktari Mghoi analia mazishini kama mtoto wa nyumba. Kilibaki kikombe kimoja, kimekatika sikio.

Mimi sasa nina sukari. Nimeambiwa mwezi jana, na juzi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kurudi kupimwa, kwa daktari mpya, kijana mpole asiyenijua. Kabla ya hapo binti yangu alikuwa ameshaniuliza mara kadhaa mbona siku hizi nakula matango matupu, nikamjibu ni joto. Mpaka nilipokutwa na ile harufu, kijiko mkononi.

Niliichukua sufuria nikaimwaga yote kwenye shimo la kuoshea vyombo. Nikabandika chai. Nikaitia kwenye kikombe cha Koko kisichokuwa na sikio, na sukari yake kama ninavyoitia siku zote, nikala na mahamri yaliyobaki jana. Kisha nikavaa buibui langu la kila siku, nikaenda zangu kliniki, nikajulikane.